M32 kwenye pPXF: umri unatoka miaka bilioni 9, shida iko wapi?

Kilimia:

Wakuu, habari za kazi. Nina spektra ya M32, ile galaksi ndogo inayoandamana na Andromeda, kutoka hifadhi ya wazi ya data za darubini. Ni ya mwanya mrefu, kuanzia 4000 Å hadi 5600 Å (Å ni angstromu, sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na kila pikseli ni 1.4 Å. Nimepima mistari ya taa ya kusawazishia, na upana wake kwenye nusu ya kimo ni 4.2 Å. Nimejumlisha sekunde 10 za tao katikati ya galaksi. Uwiano wa ishara kwa kelele ni kama 80 kwa pikseli.

Ninatumia pPXF, programu inayolinganisha spektra ya galaksi na mchanganyiko wa violezo, pamoja na violezo vya MILES vya Padova (spektra za mfano za makundi ya nyota ya umri na metali mbalimbali), metali kuanzia −2.32 hadi +0.22 kwa logariti, sifuri ikiwa ya Jua. Nimeweka degree=4 (polinomia za kujumlisha), mdegree=0 (polinomia za kuzidisha), regul=100 (kiasi cha kulainisha majibu). Majibu ni haya:

kasi: −116 km/s
mtawanyiko wa kasi: 114 km/s
umri: miaka bilioni 9
metali: −0.3

Machapisho yanasema wastani wa umri wa nyota za katikati ya M32, kwa uzito wa mwanga, ni miaka bilioni 3 hadi 4 hivi, na metali inakaribia ya Jua. Mabaki yangu, yaani tofauti ya data na modeli, yanaonekana safi na chi-mraba ni 1.1 (ulinganisho mzuri hutoa karibu 1). Nibadilishe nini kwanza? Au huu ni ule mkanganyiko wa umri na metali tu, na hauna dawa?

---

Mhimili:

Mkuu, uache umri kwanza. Namba zako mbili za juu zina kosa linaloonekana waziwazi, na zisipokaa sawa hizo za chini hazina maana.

Tuanze na kasi. M32 inatujia kwa takribani −200 km/s. Wewe umepata −116, tofauti ni 84. Karibu na 5000 Å, urefu wa wimbi katika ombwe unazidi ule wa hewani kwa 1.4 Å, na hapo 1.4 Å ni sawa na 83 km/s. Violezo vya MILES viko katika urefu wa wimbi wa hewani. Kwa hiyo karibu hakika faili lako limeshageuzwa kuwa la ombwe. Hakikisha mwenyewe: fungua spektra ya anga kabla haijaondolewa, utafute ule mstari wa kijani wa oksijeni. Hewani uko 5577.3 Å, katika ombwe uko 5578.9 Å. Tofauti ni zaidi ya pikseli yako moja, utaiona bila taabu. Jaribio hili lifanyike kwenye data ambayo bado haijasahihishwa mwendo wa Dunia kuzunguka Jua, maana usahihisho huo unauhamisha mstari wa anga pia.

Sasa mtawanyiko. Karibu na kiini cha M32 thamani inayojulikana ni kama 75 km/s. Violezo vya MILES vina upana wa 2.51 Å, chombo chako kina 4.2 Å. Ukitoa kwa miraba, 4.2² toa 2.51², kipeuo chake ni 3.37 Å. Gawanya kwa 2.355 upate sigma ya 1.43 Å, ambayo kwenye 5000 Å ni 86 km/s. Jumlisha 75 na 86 kwa miraba: 114. Ndiyo namba yako hiyohiyo. Maana yake violezo vyako havijapanuliwa kufikia upana wa chombo, na programu imeuhesabu upana wa chombo kama mwendo wa nyota.

Usijiambie kwamba mtawanyiko utameza tofauti hiyo na umri ubaki salama. Upana wa chombo chako uko karibu sawa kwa Å, haulingani kwa km/s. Ile 1.43 Å ni 107 km/s kwenye 4000 Å lakini ni 77 tu kwenye 5600 Å. Mtawanyiko mmoja hauwezi kutosheleza ncha zote mbili, kwa hiyo mistari ya upande wa buluu, pamoja na ile ya hidrojeni, Hδ na Hγ, inalinganishwa na violezo vyembamba kuliko inavyotakiwa. Kosa hilo linaenda moja kwa moja kwenye uchaguzi wa umri.

Utaratibu ni huu: panua violezo kwa 3.37 Å vikiwa bado kwenye mizani ya kawaida ya Å, kisha ndipo uvigeuze kuwa vya logariti kwa hatua ileile ya kasi uliyotumia kwa galaksi. Ukiona mistari ya taa ni minene zaidi kwenye ncha moja ya spektra, pima upana kila baada ya 200 Å hivi na upanue kwa kufuata mabadiliko hayo. Upana upimwe kwenye taa iliyopita hatua zote za usindikaji ambazo galaksi ilipita, siyo kwenye picha ghafi, maana kila kupanga upya pikseli kunaongeza unene kidogo.

---

Kilimia:

Shukrani sana mkuu. Mstari wa oksijeni uko 5578.9, kwa hiyo ni ombwe kweli. Nimegeuza kuwa hewani na kupanua violezo. Sasa kasi ni −199 na mtawanyiko ni 73. Lakini umri umeshuka hadi bilioni 8 tu, metali −0.25.

---

NuruYaKale:

Hapo sasa tunaweza kuzungumzia umri.

Kwanza jibu la swali lako la mkanganyiko. Guy Worthey aliuandika mwaka 1994 kwa kanuni rahisi: ukizidisha umri mara tatu na kupunguza metali kwa nusu, rangi na mistari mingi ya galaksi kongwe inabaki karibu vilevile. Linganisha na majibu yako ya mwanzo. Kutoka bilioni 3 hadi 9 ni mara tatu, na −0.3 kwa logariti ni nusu. Umeteleza juu ya mstari huohuo. Lakini mkanganyiko hausukumi mtu, unaonyesha tu upande ambao ni rahisi kuteleza. Kilichokusukuma ni kitu kingine, na kwa data yako nawashuku wawili.

Mshukiwa wa kwanza ni degree=4. Polinomia za kujumlisha zinafaa unapotafuta kasi na mtawanyiko, kwa sababu zinafunika kasoro za violezo. Unapotafuta umri ni sumu. Kujumlisha mwanga laini juu ya spektra kunabadilisha kina cha mistari ya ufyonzaji, na kina hicho ndicho kinachobeba habari ya umri na metali. Ndiyo maana mabaki yako ni safi huku jibu si sahihi. Fanya kazi kwa awamu mbili: ya kwanza na polinomia za kujumlisha ili kupata mwendo, kisha ushikilie mwendo huo na uendeshe awamu ya pili kwa degree=-1 na mdegree kati ya 8 na 10. Polinomia za kuzidisha zinarekebisha umbo la jumla la spektra, yaani kasoro za usawazishaji wa mwanga na wekundu wa vumbi, bila kugusa uwiano wa mstari na mwanga ulio jirani yake. Kwa masafa yako ya 1600 Å usizidishe 10 sana, la sivyo polinomia itaanza kufuata mikanda mipana kama ule wa CH karibu na 4300 Å.

Mshukiwa wa pili ni Hβ, mstari wa hidrojeni karibu na 4861 Å, na hapa M32 ina tatizo lake la pekee. Yenyewe karibu haina gesi, lakini kwa jinsi tunavyoiona imekaa juu ya diski ya Andromeda. Diski hiyo ina nyota zake na gesi yake inayong'aa. Gesi ikitoa mwanga kwenye Hβ, inajaza shimo la ufyonzaji wa nyota, mstari unaonekana dhaifu, na programu inasoma uzee. Kielezo cha Hβ, yaani kipimo cha nguvu ya mstari, kwa kiini cha M32 kinatakiwa kuwa kama 2.2 hadi 2.3 Å, wakati kundi la nyota la miaka bilioni 10 lenye metali ya Jua liko karibu na 1.6 au 1.7. Nafasi yote ya mabadiliko ni kama 0.6 Å, kwa hiyo kujazwa kwa 0.2 au 0.3 Å kunatosha kukuongezea miaka bilioni kadhaa.

Angalia anga yako ilitolewa wapi. Ikiwa ilichukuliwa mbali, nje kabisa ya Andromeda, basi mwanga wa diski bado umo ndani ya spektra yako. Chukua anga kwenye ncha za mwanya uleule, mbali na M32 kadiri mwanya unavyoruhusu, pande zote mbili, na ulinganishe pande hizo. Zikitofautiana, tumia mteremko kati yake badala ya wastani. Kama picha ilipigwa mwezi ukiwa juu, uangalie hilo pia: mwanga wa mwezi ni spektra ya Jua, na ukibaki kidogo unaongeza mistari ya magnesi na chuma kwenye kasi ya karibu sifuri.

Kisha weka gesi kama sehemu ya pili katika ulinganisho, na kasi yake iwe huru, isifungwe kwenye −199. Gesi ni ya Andromeda, ambayo mfumo wake uko kwenye −300 km/s na diski yake inazunguka, kwa hiyo haina sababu ya kufuata nyota za M32. Weka Hβ na jozi ya oksijeni, 4959 na 5007, kwa uwiano wa 1 kwa 3.

Jaribio la haraka kuliko yote: ziba Hβ kabisa, kuanzia 4845 hadi 4880 Å, uendeshe tena ukitegemea Hγ na Hδ. Katika gesi ya kawaida Hγ inang'aa kwa nusu hivi ya Hβ, na Hδ kwa robo, kwa hiyo zinajazwa kidogo zaidi. Umri ukishuka baada ya kuziba, mkosaji ni gesi au anga. Usipobadilika, rudi kwenye polinomia na usawazishaji. Usiishie hapo lakini, maana vielezo vya Hγ na Hδ vimezungukwa na mistari ya chuma na CH na vinayumba na mchanganyiko wa elementi kuliko Hβ.

---

Kilimia:

Nimeelewa. Je, nipime pia vielezo vya Lick, vile vipimo sanifu vya nguvu ya mistari, au ulinganisho wa spektra nzima unatosha?

---

NuruYaKale:

Pima. Ndiyo njia pekee ya kuona kwa macho yako ni mstari upi unaosema nini. Ulinganisho wa spektra nzima unatumia habari yote, lakini ukikosea haukuambii umekosea wapi.

Kwanza irudishe spektra kwenye kasi sifuri. Kwenye Hβ, −199 km/s ni mhamo wa 3.2 Å kuelekea buluu, na dirisha la kielezo lina upana wa 28.75 Å tu, kutoka 4847.875 hadi 4876.625. Ukisahau hatua hii sehemu ya ubawa wa mstari inatoka nje ya dirisha.

Pili, upana. Chombo 4.2 Å na nyota 73 km/s, ambayo ni kama 2.9 Å karibu na 5000 Å, kwa jumla ya miraba vinakupa 5.1 Å. Modeli za MILES zina mfumo wa vielezo wa 5.0 Å, wewe umeupita kidogo, kwa hiyo nenda kwenye ule wa 8.4 Å. Lainisha spektra yako kwa 6.67 Å ndipo upime.

Tatu, usichore Hβ dhidi ya Mgb, kielezo cha magnesi, peke yake. Tumia [MgFe]′: zidisha Mgb kwa jumla ya 0.72 ya Fe5270 na 0.28 ya Fe5335, ambavyo ni vielezo vya chuma, kisha chukua kipeuo cha pili. Mchanganyiko huu wa Thomas, Maraston na Bender, wa mwaka 2003, karibu hautikiswi na uwiano wa magnesi kwa chuma. Kwa M32 uwiano huo uko karibu na wa Jua kwa hiyo huna hatari kubwa, ila siku ukihamia galaksi kubwa za duaradufu utaihitaji.

Kama nukta yako kwenye mchoro huo iko kwenye bilioni 3 na ulinganisho wa spektra unasema 8, tafuta kosa kwenye mipangilio ya programu. Zote mbili zikisema 8, kosa liko ndani ya data.

---

Zuhura_K:

Naomba niongeze kuhusu regul=100, maana naona kila mtu amepita hapo. Namba hiyo haina maana peke yake, inategemea jinsi ulivyoweka ukubwa wa violezo na kelele. Gawanya galaksi kwa mediani yake, na violezo vyote kwa mediani moja ya pamoja. Endesha kwa regul=0. Kisha zidisha kelele kwa kipeuo cha chi-mraba ili chi-mraba kwa kila nukta iwe 1 kamili. Hapo ndipo uongeze regul polepole mpaka chi-mraba ya jumla ipande kwa kipeuo cha 2N, N ikiwa idadi ya pikseli zinazotumika. Masafa yako kwa hatua ya 84 km/s yanakupa kama pikseli 1200. Ukiondoa zilizozibwa tuseme zinabaki 1150, kwa hiyo kupanda kunakoruhusiwa ni kama 48. Hapo unapata historia laini kuliko zote ambayo data bado inaikubali. Kilima kidogo kikitoweka unapofika hapo, data haikuwa inakidai.

Makosa usiyakadirie kutoka kwenye ulinganisho uliolainishwa, yatatoka madogo kupita ukweli. Chukua ulinganisho bora, changanya mabaki upya kwa kubadili alama zake kwa bahati nasibu, endesha mara 100 kwa regul ndogo au sifuri, kisha utazame mtawanyiko wa majibu. Chora umri dhidi ya metali kwa majibu hayo 100. Wingu litakuwa limelala kwenye ule mteremko wa tatu kwa mbili, na mchoro huo una thamani kuliko alama ya kujumlisha na kutoa pembeni ya namba moja.

Jambo jingine ninaloomba lisichukuliwe kirahisi: sema ni wastani wa uzito gani. Chukua galaksi yenye asilimia 90 ya nyota, kwa tungamo, zenye miaka bilioni 10, na asilimia 10 zenye bilioni 1. Uwiano wa tungamo kwa mwanga katika bendi ya V (mwanga wa kijani-njano) ni karibu 3 kwa zile kongwe na karibu 0.6 kwa zile changa. Mwanga unakuwa 0.30 kwa 0.17, yaani asilimia 10 ya tungamo inatoa zaidi ya thuluthi ya mwanga. Wastani kwa tungamo ni miaka bilioni 9.1, kwa mwanga ni kama 6.8, na Hβ ikisomwa kama ya kundi moja itashusha zaidi ya hapo. Hizo namba tatu zote ni za galaksi moja na zote ni sahihi. Katika M32 zimepatikana nyota za aina ya RR Lyrae, ambazo zina zaidi ya miaka bilioni 10. Kwa hiyo ile "bilioni 3 hadi 4" ya machapisho haimaanishi galaksi nzima ilizaliwa wakati huo, ni umri wa mwanga wa kiini. Pale pPXF inapogawa uzito kati ya violezo vya bilioni 10 na 13, usiuamini mgawanyo huo. Spektra zake katika masafa haya karibu hazitofautiani.

---

Mwinyi_spektra:

Samahani kwa kuingilia. M32 iko karibu, kama kiloparseki 780. Kwa nini tusipime nyota mojamoja badala ya kuhangaika na mwanga uliochanganyika?

---

Mhimili:

Karibu sana, ndugu. Kwa sehemu za nje ya M32 imeshafanyika, kwa DEIMOS, chombo cha spektra kwenye darubini ya Keck. Kiini ndicho kisichowezekana. Kwa umbali huo ncha ya majitu mekundu iko kwenye ukubwa wa mwangaza wa 20.4 hivi katika bendi ya I, na katikati nyota zimebanana kiasi kwamba kila mwanya mdogo unashika nyota nyingi kwa pamoja.

Njia hiyo inang'aa kwenye galaksi ndogo za karibu zaidi. Sculptor iko kama kiloparseki 85 na majitu yake mekundu yanafikika kwa darubini za mita 8. Kinachotumika ni mistari mitatu ya kalsi kwenye 8498, 8542 na 8662 Å. Pima nguvu ya ile miwili ya mwisho, ujumlishe, kisha usahihishe kwa mwangaza wa nyota ukilinganisha na tawi mlalo la galaksi hiyohiyo, V toa V ya tawi mlalo. Usahihisho huo ni wa lazima, kwa sababu jitu angavu lina mistari mikubwa kuliko jitu hafifu hata kama metali ni ileile. Fomula za zamani za mstari mnyoofu zinaharibika chini ya [Fe/H] (wingi wa chuma kwa logariti ukilinganisha na Jua) ya −2: zinaionyesha nyota ina metali nyingi kuliko ilizo nazo. Tumia ile ya Starkenburg na wenzake ya mwaka 2010, inafika hadi −4. Kwa vipimo vya chombo cha FLAMES kwenye darubini ya VLT, Tolstoy na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba Sculptor ina makundi mawili ya nyota kongwe: lenye metali zaidi limekusanyika katikati na lina mtawanyiko mdogo wa kasi, lenye metali chache limetapakaa.

Zingatia mambo mawili. Kalsi haikupi umri. Umri wa kila jitu unatoka kwenye rangi na mwangaza wake dhidi ya isokroni (mstari wa modeli wa nyota zenye umri mmoja), na metali ya spektra inakusaidia kuchagua isokroni sahihi. Halafu eneo hilo la wimbi limejaa mistari ya OH ya anga. Sculptor inasogea kwa +110 km/s hivi, kwa hiyo angalia kila mstari wa kalsi umeangukia wapi baada ya mhamo wa 3.1 Å, na anga ikiwa haijatoka vizuri usitumie mstari huo. Nyota za mbele za Njia Nyeupe uzichuje kwa kasi kwanza, kisha zile zilizobahatisha kuwa na kasi ileile uziangalie kwenye mstari wa magnesi wa 8807 Å, ambao ni mnene zaidi kwa nyota kibete kuliko kwa majitu.

Kama unawaza kuomba muda wa darubini, M32 iko kwenye mwinamo wa +41° na darubini ya SALT ya Sutherland, Afrika Kusini, inaishia kama +10°, kwa hiyo haifikiki. Sculptor iko −34° na inapita kwenye pete ya SALT mara mbili usiku mmoja, mashariki na magharibi. Kila pito ni fupi, saa moja hivi, kwa hiyo gawanya maombi yako katika vipande vya muda huo na utumie barakoa yenye mianya mingi.